Treni ya Saa Kumi na Mbili

Karama, Dubai
Mei 2006

Mkamwana wangu Ummi,

Huna haya? Kila jioni unamsimamisha Rumaisa dirishani amngoje baba yake, na baba yake yuko kaburini!

Unanisifia mtaa wenu huko Uingereza: kimya, basi mlangoni, stesheni hatua chache. Kisha unasema treni ya saa kumi na mbili ikisimama unasikia viatu vya Hashir. Mwanangu alikuja kunitazama, akafia mikononi mwangu. Kidevu nilimfunga mwenyewe.

Usidhani mimi sisikii. Lifti ikisimama hapa kwetu, huinuka nikafungue. Lakini mimi kizee, nikiufungulia upepo hapana neno. Mtoto ana miaka mitano. Mkalishe leo, umwambie kwa kinywa chako kwamba baba amekufa.

Bibi yake Rumaisa,
Zuwena binti Sleyum