Kinanda Kilichompigia Kampeni Namba Saba

Bo-ram, leo nimeumbuka kanisani mbele ya watu wote!

Madirisha yamefunguliwa mara ya kwanza tangu baridi iishe, maua ya micheri yanapeperuka mpaka ndani, nami napiga kinanda wakati wa sadaka. Akili ikaenda na upepo. Vidole vikaingia kwenye wimbo wa mgombea namba saba, ule ambao gari lake limetupigia mtaani wiki nzima!

Wimbo wa kampeni, Bo-ram! Kwenye sadaka!

Watu wakapiga makofi. Mchungaji kainamisha kichwa kama anaomba, kumbe anacheka.

Baada ya ibada akanijia Mzee Gwak, ambaye mdogo wake ndiye mpinzani wa namba saba. Nikajua kinanda nimeshanyang'anywa.

“Binti, tangu mke wangu afariki sijapiga makofi humu. Leo nimepiga,” akasema. “Lakini kura yangu namba saba haipati ng'o!”