Shimo la Samadi Limejaa na Mvua Iko Njiani

Ijumaa, alasiri. Mawingu yamejipanga upande wa Mto Tana, na upepo una harufu ya udongo uliolowa. Garissa nzima inafurahi. Mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya banda, nataka kulia.

Shimo limejaa. Si la maji, ni la mavi na mkojo wa ng'ombe wangu wa maziwa, uji wa kijani unaotoa mapovu. Umebakisha kiganja tu ufike ukingoni.

Nililichimba mahali pabaya. Kwetu tunachimba mabwawa ya kunyweshea mifugo, na kila mtoto anajua: tafuta bonde, pale maji ya mvua yanapokimbilia. Nilipoanza kufuga ng'ombe wa kufungiwa bandani, nikachimba shimo la samadi vivyo hivyo, bondeni, na nikajisifu! Sisi ni watu wa kuhamahama. Mavi yakijaa bomani, tunahama. Nani alitufundisha kuyaweka?

Kwa hivyo mvua ikinyesha, maji yote ya mteremko yataingia humo, na shimo litafurika. Chini yake kidogo kuna kisima cha jirani yangu, Habo Dahabo, mdomo wa kisima uko sawa na ardhi. Wajukuu zake wanakunywa hapo. Mtaa mzima tunachota hapo.

Si kwamba nimelala. Nilijaribu kumwaga samadi kwenye majani ya ng'ombe, lakini sikuichanganya na maji. Iliyaunguza yote, nikaogopa kurudia. Juzi nikamwita Abdi, kibarua mwenye punda na mapipa, aipeleke shamba la mbali. Alichungulia shimo, akakunja kikoi chake kama aliyeona nyoka.

"Dada, hii ni najisi. Ikinirukia, nitaswali na nguo gani?"

Ningemkasirikia vipi? Hata mimi nina dera moja la kazi hii, nalivua kabla ya kila swala na kuoga mpaka ngozi inawasha. Lori la kunyonya maji taka nalo haliji, dereva anasema litazama mchangani. Nimechoka jamani, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Leo asubuhi watu walitoka kwenda uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua. Nilisimama safu ya wanawake. Imamu aliinua mikono, watu wakalia, kila mmoja ana mnyama anayekufa mahali fulani.

Sikusema amin.

Astaghfirullah. Mimi binti wa mfugaji, niliomba kimoyomoyo mvua ingoje kidogo, nipate tu wa kunisaidia kupunguza hilo shimo.

Nilipofika nyumbani, ndugu yangu Hassan akapiga simu kutoka Hadado, anakochunga mbuzi wa familia. Sauti ilikuwa imemkauka. "Walaal, dada yangu, leo nimewainua mbuzi kwa mikono ndio wasimame. Tuombeeni huko." Nikamwambia tumeomba. Akauliza kama na mimi niliomba. Nikasema ndiyo, na tangu hapo sijaweza kula kitu.

Basi nikaamua kwenda kwa Habo nimwambie ajaze kila mtungi alio nao, maana baada ya leo hatujui. Nilimkuta uani, ametandaza mabeseni yote, hata sufuria za pilau, anacheka na wajukuu. Akanishika mikono yote miwili.

"Maryan, Mungu ametusikia!"

Nikasema alhamdulillahi. Nikarudi bila kumwambia.

Matone yameanza kugonga mabati, makubwa, yale ya mvua ya kweli. Unamwambiaje mtu anayeshukuru hivyo kwamba mvua hiyo hiyo itamletea mavi yangu kisimani mwake?

Sijui. Nimevaa viatu. Naenda tena.