Sura Nilimpea Wafula

Jumapili. Tumetoka kanisa, jua ni kali, mawingu imekaa tu huko juu ya mlima imekataa kushuka.

Huyo mama bado ameketi hapo nje kwa stuli yangu na mimi sitoki. Andika hivyo, Nekesa. Andika Kukhu amesema hatoki. Wewe ni mjukuu wangu na hii kitu ya kuandikia watu kwa simu ni yako, lakini maneno ni yangu, usinipangie. Juzi uliandika ati nyanya yako "alihuzunika". Mimi sijawahi huzunika. Nilikasirika.

Amepewa chai? Na kikombe gani? Ile ya maua? Haya. Basi mmeshamfanya mgeni.

Wacha nianze na jana ndio watu wasipotee.

Jana ilikuwa siku ya kufungua maonyesho ya picha hapa Kitale, kwa ukumbi ya kanisa. Wachoraji wanne, wengine wa huku, wengine wa Bungoma, wameungana waonyeshe watu kazi yao. Mmoja ni Wafula wetu. Wafula si wa tumbo yangu. Ni wa mke mwenzangu, Nasimiyu, yule mzee wangu alileta kutoka Matulo wakati mimi nilikuwa tayari na watoto na magoti mabaya. Nasimiyu alikufa Wafula akiwa bado ananyonya. Nikamlea mimi. Sasa ni mwanaume mzima, ako na ndevu, na ananiitanga Mayi, yaani mama, kwa sababu hakujua mwingine wa kuita hivyo.

Kijana mmoja wa suruali ya kubana alishika maiki akasema kila mchoraji asimame karibu na picha yake ajulishwe kwa watu. Mimi nilikuwa mbele. Mtu wa magoti mabaya hukalishwa mbele.

Wa kwanza alikuwa Barasa wa Webuye. Babake alifanya kazi kwa kile kiwanda cha karatasi, na Barasa anachoranga chimni yake, hakuna kingine. Chimni ya asubuhi, chimni ya mvua, chimni na ndege amekalia juu. Nikamuuliza, "Mwanangu, na moshi iko wapi?"

Akasema, "Mama, moshi iliisha."

Nikamwambia basi achore kitu haijaisha. Watu wakacheka. Yeye akaangalia viatu vyake, na hizo viatu zilikuwa na rangi nyingi kuliko picha.

Wa pili ni msichana anaitwa Chebet, anakaa Tuwan. Amechora wanawake wamebeba maji, wamebeba watoto, wamebeba kuni, na hakuna hata mmoja ako na kichwa. Shingo inafika hapa, inaisha. Nikamuuliza kichwa zimeenda wapi. Akaniambia, "Shosh, kichwa ni ya mwenye anaangalia."

Nikamwambia, "Hiyo ni kusema hujui kuchora sura, bana." Mamake alikuwa hapo karibu. Akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba, akatafuta mpaka nikamsahau.

Halafu Mwalimu Simiyu, amestaafu, ako Bungoma. Yeye ni Yesu tu. Yesu kwa mashua, Yesu kwa punda, na wote wako na kitambi yake na ule upara yake ya katikati. Nikasema kwa sauti, "Huyu Yesu anangoja pensheni." Hata pasta alicheka. Mwalimu mwenyewe alicheka, lakini ile ya meno tu.

Nekesa usinikunjie uso. Picha ikiwekwa kwa ukuta imeitisha maneno.

Basi akafika Wafula.

Picha yake ilikuwa imefunikwa na leso. Akaitoa pole pole, akashika maiki kama mtu ameshika yai. Akasema, "Huyu ni mama yangu. Sikuwahi muona. Hakuna picha yake ilibaki. Huyu mama ameketi hapa mbele ndiye alinipea sura yake, akaniambia mpaka nikachora." Akaninyooshea mkono.

Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi. Kuna wengine walipanguza macho.

Na hiyo picha ilikuwa mimi.

Mimi mwenyewe, nikiwa msichana. Paji langu, macho yangu ya kuzama, hii alama yangu ya kidevu yenye nilipata nikianguka na mtungi. Umeshangaa nini? Wewe unanijua nikiwa hivi, umekunja kama mfuko. Nilikuwanga na uso.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kupanda mahindi Wafula alikuja na penseli na karatasi, akaketi hapo karibu na moto, akasema, "Mayi, mama alikuwa anafanana aje?" Picha ilikuwa moja tu, ya studio, mzee alikuwa ameiweka kwa sanduku chini ya kitanda. Mzee alipokufa mchwa waliingia kwa hiyo sanduku. Niliwaona wakiingia. Nikaendelea kufagia.

Kwa hivyo hiyo sura ilikuwa imebaki kwangu peke yangu. Nikafunga macho nimwambie. Nasimiyu akakuja hapo mara moja, kama mtu ameitwa. Mwanya yake. Ufizi mweusi kama wino wa kalamu. Shingo ya mistari. Nikafungua macho.

Nikasema, "Paji lilikuwa kubwa." Akachora.

"Na macho?"

"Ya kuzama."

Akachora, akafuta, akachora. Ati midomo? Nyembamba. Ati mashavu? Ya juu. Akafika mahali akaweka penseli chini, akaniuliza, "Na alikuwa akicheka aje?"

Nikamwambia, "Mama yako hakuwa mtu wa kucheka."

Uwongo. Huyo msichana alikuwa akicheka kuku wanakimbia. Alikuwa anacheka akisaga, anacheka akipigwa na mvua, na mzee anaacha ugali kwangu imefika nusu anaenda kusimama kwa mlango asikie ni nini imechekesha huko ng'ambo. Mimi nilikula hiyo nusu ya ugali siku nyingi.

Turudi jana. Mama Rispa, yule wa kuuza maharagwe sokoni, alisimama mbele ya hiyo picha. Akaiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena. Akasema, "Wee! Si huyu ni wewe kabla uharibike?"

Nikamwambia, "Watu wa huku wote wanafanana. Hata wewe unafanana na gunia zako."

Tukacheka, ikaisha. Lakini Wafula alikuwa nyuma yetu. Akainama, akaniwekea mkono kwa bega, akasema pole pole, "Hata mimi nilishtuka nikichora, Mayi. Nikajua tu Baba alikuwa anapenda sura moja."

Alidhani ananifurahisha.

Mimi nimetukanwa na watu. Mama mkwe alinitukana mpaka siku alikufa. Lakini hakuna mtu amewahi nipiga na kitu kama hiyo, na alinipiga akitabasamu. Sura moja! Hii sura ndiyo mzee aliangalia miaka yote hiyo, halafu akavaa koti akaenda mpaka Matulo kutafuta ingine.

Nilirudi nyumbani na hiyo maneno, nikalala nayo.

Sasa leo. Barasa wa chimni anajua watu wa Matulo, kwao si mbali na huko. Labda ni ile aibu nilimpea, labda ni roho nzuri tu, sijui, lakini jana jioni alimpigia simu dada mkubwa wa Nasimiyu, anaitwa Nanjala. Akamwambia, dada yako amechorwa, yuko kwa ukuta Kitale, kuja umuone.

Watu wa kwao na sisi hatujaongea tangu tumzike. Walisema nilimlisha kitu. Sikumlisha kitu. Alikufa na homa, na mimi ndiye nilikuwa nimeshika kichwa yake. Andika hiyo mara mbili. Hapo kwa kaburi walisema hawatakanyaga hapa tena na hawakukanyaga, hata mtoto wao walimwacha hapa kama sufuria ya kuazima. Ndio maana Wafula hakuwa na mtu wa kuuliza ila mimi.

Na Nanjala, kitu moja nilikuwa nimeisahau, yeye na Nasimiyu walitoka sufuria moja, uso ni ule ule.

Mimi leo nilitoka kanisa nikaja moja kwa moja nyumbani sababu ya goti. Wewe ndiye ulikuwa huko ukumbini, Nekesa, umeniambia mwenyewe. Ati Nanjala aliingia na nguo yake ya kanisa, ameshika leso ya kupanguza machozi, amejipanga kulia. Akasimama mbele ya picha. Akaangalia ya kushoto, akaangalia ya kulia. Akauliza, "Sasa dada yangu yuko wapi?"

Wafula akamwambia, "Ndiye huyu, Mama."

Nanjala akasonga karibu. Akasema, "Huyu? Mwanangu, huyu si yule mke mkubwa?" Halafu akacheka. Ati alicheka mpaka Mwalimu Simiyu akamsukumia kiti.

Wafula hakucheka. Alitoa picha kwa ukuta, akaishika na mikono miwili, akatoka nayo.

Mimi nilikuwa hapa nachagua maharagwe, sijui kitu. Nikasikia Nasimiyu anacheka kwa geti.

Ungenikata wakati huo damu haingetoka. Ile ile! Kidogo nzito, ya mtu mzee, lakini ile ile. Nikasimama, maharagwe ikamwagika yote. Halafu akaingia, na ni yeye. Mwanya, ufizi, shingo. Ni kama alikuwa ameenda tu mahali akazeeka, akarudi. Akanisalimia, "Mulembe." Nikaitikia. Ningefanya nini?

Wafula? Aliniambia tu, "Mayi, kuna mgeni," akaenda kutafuta stuli. Hakupiga kelele. Angenitukana ningejua pa kushika. Ningemwambia nani alikutoa funza? Nani alikupeleka shule? Hiyo nilikuwa nimeiweka tayari kwa mdomo. Lakini mtu amekuletea mgeni na adabu yake yote, unamwambia nini?

Ndio nimeingia hapa jikoni na wewe.

Umeacha kuandika. Unaniangalia nini? Ati nini? Ati si ningemwambia tu ukweli?

Sikiza, mtoto. Mzee wangu nimeishi naye miaka mingi, na leo nikifunga macho simuoni. Naona kofia. Mama yangu simuoni. Lakini huyo msichana wa Matulo nikifunga macho ako hapo, meno yote, kila siku, hata nikiomba. Alichukua mzee, akachukua zile jioni zote. Mimi nilibaki na hiyo sura yake peke yangu, hakuna mwingine chini ya hii paa alikuwa nayo. Sasa nimpe mtoto wake aipeleke kwa ukuta, watu waje wapanguze macho, waseme alikuwa mzuri? Waseme hiyo nikiwa nimeketi hapo mbele?

Hapana. Na sijuti. Andika hajuti.

Hiyo tu ya kucheka.

Hiyo ningemwambia. Mtoto amezeeka akidhani mamake alikuwa mtu wa kununa. Kuna siku nilimsikia anamwambia mke wake, "Mimi sichekangi sana, nimetoa kwa mama." Nilikuwa hapo. Nikapeleka maji kwa ng'ombe.

Futa hiyo. Hapana, wacha ikae.

Mbona kumenyamaza hapo nje? Chungulia kwa dirisha uniambie. Pole pole, wasikuone.

Wafula ameweka nini? Picha? Ameisimamisha kwa tangi ya maji. Na Nanjala? Bado kwa stuli, ameangalia wapi? Ameangalia Wafula. Amevua kitambaa ya kichwa. Kwa nini avue kitambaa?

Sema vizuri. Wafula anapaka nini? Nyeupe? Anapaka nyeupe wapi?

Juu ya uso wangu.

Kwani hana turubai ingine ya kuchorea? Ukumbi mzima ya wachoraji, hakuna mtu wa kumpea turubai? Ameanza na gani, paji? Kidevu? Ile alama ameifunika? Usiniambie pole. Mimi nimekuuliza ameifunika?

Ananiita. Ngoja. Umesikia vile amesema? Rudia. "Mayi, kuja hapa. Wewe ndiye ulimuona wa mwisho. Kuja uniambie kama ni yeye."

Na huyo mwingine anacheka tena.

Nipe kitambaa yangu ya kichwa. Si hiyo, ile ya kanisa. Shika mkono wangu nisimame, goti imekufa. Wacha simu, wacha hapo hapo, imetosha. Angalia tena mara moja tu, uniambie. Macho yangu bado inaonekana?

Haya. Nakuja, Wafula. Nakuja.