Baba Mkwe Ninayekujua kwa Sauti

Mpendwa baba mkwe,

Mugonile, kama tusalimianavyo kwetu. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi yako. Daktari amesema kesho asubuhi watakutoa uvimbe wa koo, na huenda usiongee tena. Naogopa, baba. Miaka yote hii nimekujua kwa sauti tu.

Kwa mila yetu mke wa mwana haonani na baba mkwe, na wewe hukutaka kulegeza. Nikija nyumbani kwako Talatala kutoka chuoni ninakofundisha fizikia, nilikuwa namenya ndizi jikoni, wewe umekaa upande wa pili wa ukuta, tunapiga soga bila kuonana. Siku moja uliniuliza nafundisha nini hasa. Nikakueleza kuna jiometri isiyoanza na nukta wala mistari. Inaanza na vitendo ambavyo ukibadili mpangilio wake, jibu nalo linabadilika. Kisha umbo la mahali linasomwa kwa mitetemo yake, kama unavyotambua ngoma kubwa na ndogo bila kuziona.

"Kubadili mpangilio," ukasema. "Kama kuanika kakao kabla ya kuivundika, inaharibika."

"Ndiyo, baba."

"Sasa hiyo inawasaidia nini?"

Nikasema tukiiunganisha na anga hili la kawaida, nguvu za asili na chembe ndogo kabisa zinajitokeza humo humo kwenye hesabu, bila sisi kuzipachika moja moja. Ukauliza kama hatujawahi kukosea. Nikasema tulitabiri uzito wa chembe moja, maabara ikaikuta nyepesi zaidi, ikabidi turudi kurekebisha. Ulicheka mpaka ukapaliwa.

"Endeleeni tu, mwanangu. Hata sisi mpunga hutudanganya."

Kupaliwa kule kunaniuma sasa. Nilidhani ni kicheko tu.

Mwanao bado yuko safarini, na mama mkwe alishatangulia mbele za haki. Nesi ametoka sasa hivi kuuliza nani atakaa na mgonjwa, nami nikaendelea kuandika kama sikusikia. Nikiingia nimekuvunjia heshima. Nisipoingia utalala peke yako, na kesho wakikurudisha huna sauti, ukuta hautatusaidia tena.

Nampa nesi barua hii akusomee. Ukisema niingie, naingia. Ukikataa, nitakaa hapa hapa mpaka asubuhi. Ila sema wewe mwenyewe, baba, kwa nguvu kidogo, nikusikie.

Mkweo,
hapa mlangoni