Nimekurudishia Jina Lako, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Neno hili limenipa taabu kidogo kuliandika, maana ni miaka sasa sijakuamkia. Tangu siku ya kuondoa tanga, waliponikalisha mkekani, wakanivika lile koti lako la mvua la kiwandani na kunirithisha jina lako, Kobelo, mimi ndiye niliyekuwa wewe, na mtu hajiamkii mwenyewe. Kwa hiyo sikuwahi kukuandikia, wala sikukulilia vizuri. Leo naweza. Nitakueleza taratibu ilivyotokea, kwa sababu hukupenda mtu anayeanzia habari mwishoni.

Ila hili lazima nilitangulize. Nasafiri. Naenda Australia kupika sukari.

Najua ungefuta miwani yako kwanza kwa pindo la shati, ndipo ukauliza, kwa cheti kipi? Na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Cheti sina, unajua. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, mama akanifungia nguo zangu kwenye kanga, ukaniteremsha kutoka Mgeta mpaka kiwandani Turiani. Msimu wa kwanza nilifagia tu. Uliofuata ukaniruhusu kusimama karibu nawe kwenye chungu kikubwa cha mvuke, wewe mpika sukari wa zamu, mtu ambaye hata mameneja walikuwa wakimsubiri aseme imeiva. Ulichota shira kidogo, ukaipaka juu ya kipande cha kioo, ukakiinua kwenye taa, kisha ukanipa mimi. Ukaniuliza naona nini. Nikajibu naona sukari. "Angalia tena." Sijui neno hilo nililisikia mara ngapi, nilikuwa nalichukia. Mpaka siku moja nikaona kweli: punje kubwa zimekaa vizuri, na katikati yake vidogo vidogo ambavyo havikutakiwa kuwepo. Nikakwambia humu wamezaliwa wengine. Hukunisifu, ulinisogezea tu mkono kwenye valvu ya maji niwayeyushe mwenyewe. Siku hiyo nilitembea kwenda bwenini bila kuhisi ardhi.

Na wewe uliyepika sukari ya kutosha nchi nzima, chai yako ulikunywa bila sukari. Ulisema ukishinda na harufu ya kitu kile kutwa, ulimi wako unadai mapumziko. Mimi nilikuwa natia vijiko mpaka mama wa kantini ananifokea. Shika habari hii ya chai, nitairudia.

Kuuzwa kwa kiwanda ulikushuhudia mwenyewe. Walipunguza wenye umri kwanza, ukarudi juu kulima kabichi na njegere kama mtu aliyetumwa likizo ndefu, na masika ile kifua kikakubana, ukatutoka. Ambacho hukukiona ni kwamba wenye mali wapya walinibakiza, lakini kibarua wa msimu. Kwenye orodha zao nikawa msaidizi. Zamu ilikuwa na kijana mwenye diploma, mtu mwema, tulielewana: yeye alisoma mita, mimi nikaangalia kioo. Miwa ikiisha napanda zangu Mgeta juu ya matenga matupu ya nyanya, nikashike kazi yangu nyingine, ya kuwa Kobelo.

Kazi hiyo ilikuwa na vituko vyake, Mjomba, ungecheka. Mama yangu mzazi, kwa kuwa ni mdogo wako, aliniamkia shikamoo kaka, tena bila kutabasamu. Wanao, ambao wawili kati yao ni wakubwa kwangu, waliniita baba na kuniletea kesi za mipaka. Mkeo alipopata mchumba wa Ngerengere, ni mimi niliyekaa mkekani na wazee kupokea barua ya posa, mume namwozesha mke wangu, watu wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Yupo hukohuko Ngerengere, ana amani. Hilo nalo nimeona ulijue.

Ila Bibi hakuwa anatania. Mama yako aliniita mwanangu kuanzia siku ile, na alimaanisha. Hakulia msibani. Watu walisema ana moyo wa jiwe, lakini mimi nadhani jina lilimfikia upesi mno, kabla machozi hayajapata njia. Alinipa kiti chako. Alinipa mahali pako jikoni. Na kila asubuhi alinipa chai yako, isiyo na sukari. Miaka yote hiyo, Mjomba. Niliinywa, nikasema asante mama, na uso wangu ukajitahidi.

Sasa, mwaka jana alikuja kiwandani fundi mmoja wa Kiaustralia kufunga mitambo mipya. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba mitambo ikianza, wasio na vyeti wasihangaike kurudi msimu unaofuata. Yule bwana alinitazama siku kadhaa nikiinua kioo kwenye taa. Kwa Kiswahili chake cha kubahatisha na Kiingereza changu cha kubahatisha tukaelewana kwamba kwao kuna kiwanda cha zamani, wapika sukari wake wamezeeka na vijana hawaitaki kazi. Akasema serikali yao inaweza kunipa viza bila shule, kwa miaka ya kazi peke yake. Nilidhani ananifariji. Baada ya miezi, ikaja barua ya mwajiri.

Ndipo nikashuka Dar kwa dada mmoja anaitwa Zuhura, anayesaidia watu maombi ya namna hiyo. Akanieleza vizuri. Shule huna, sawa, wanakubali kazi mahali pa shule, lakini aliyekufundisha na kukusimamia lazima athibitishe kwa maandishi. Nikauliza ofisi ya kiwanda. Majalada ya wakati wa serikali hawakuyarithi, ndivyo walivyosema, na sina sababu ya kutowaamini.

Nikapanda juu nikawaeleza wazee. Wala hawakuona pa kukuna kichwa. Bibi alikuwa anamenya njegere, hakuinua hata macho: "Anatafutwa Kobelo aliyefundisha kupika sukari? Si huyu hapa. Na aandike." Wote wakakubali. Na mimi, Mjomba, nikaandika. Nikaeleza jinsi Kobelo alivyomfundisha kijana Kalisti, yaani mimi, kazi ya sukari tangu kufagia mpaka kushika chungu, nikatia saini ya Kobelo. Sikuona kama naghushi kitu. Kwa jina hilo nilikuwa nimeshasaini mipaka ya mashamba na posa ya mkeo, na hakuna aliyewahi kunihoji.

Zuhura aliisoma akafurahi. Kisha akauliza huyu mzee anapatikana wapi, maana wanaweza kumpigia simu.

"Ni mimi," nikamjibu.

Akacheka. Akaona sicheki. Nikamweleza mila yetu mwanzo mpaka mwisho, akasikiliza kwa heshima zote, naye ni mtu wa pwani, kisha akanirudishia karatasi yangu. Akasema wale watu hawataona mila, wataona mwandiko mmoja, na mlango utafungwa moja kwa moja. Lakini njia ipo: kama msimamizi amefariki, wenzangu wa zamu wanaweza kunitolea ushahidi, ili mradi kuwe na cheti cha kifo cha msimamizi. Akasema ni jambo dogo, mtendaji wa kijiji anaandika, wilaya inatoa.

Jambo dogo. Wenzetu nilikuwa nao tayari, wapo palepale Turiani, wengine wanalima mpunga, walikuwa wananisubiri tu niwaite. Lakini mtendaji alitaka mwenza au mtu wa damu aje aseme mwenyewe kwamba Kobelo amekufa. Mkeo ameshaolewa kwingine. Mama alikataa katakata, na wanao wakamfuata; alisema hawezi kumtangulia mama yake kulitamka neno ambalo mama yake hajalitamka. Na ni kweli, hatukuwahi kulisikia kinywani mwa Bibi. Wewe hukufa kwake. Ulikuwa unaenda Turiani msimu wa miwa na kurudi.

Nilimwambia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Aliweka ungo chini.

"Unataka niende kwa mtendaji nikamuue mwanangu?"

Nilichukua jembe nikaenda zangu shambani. Jioni nikashuka bondeni kwa rafiki yangu mwenye simu, nikamwambia Zuhura aache. Sikuwa nimekasirika. Nilihesabu kwamba ajira nitakosa, kilimo ninakijua, na mwanamke yule ameshapoteza vya kutosha. Nilijiona mtu mzima. Kisha nikapanda tena mlima, na njiani nikanunua sukari kidogo kwenye duka la mwisho, imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, kwa sababu kama nitakuwa Kobelo maisha yangu yote, angalau asubuhi moja moja nijiibie utamu.

Asubuhi iliyofuata nikaingia jikoni kabla yake, au ndivyo nilivyofikiri. Nilikuwa nimeshamimina nusu ya kile kikaratasi kwenye kikombe, nakoroga kwa mpini wa kijiko kisigonge, nikasikia amekaa pale nyuma ya kuni. Alikuwa ameniona tangu naingia. Nami nikakoroga mpaka mwisho, maana ningefanya nini, nikanywa mbele yake. Ilikuwa tamu, na niliona aibu ya mtoto.

Kesho yake nilipokaa, nikakuta karibu na kikombe changu kuna kopo. Nikalifungua, sukari. Sijui aliazima kwa nani.

"Kobelo hakupata kutia sukari," akasema. "Anayependa sukari ni Kalisti. Tangu mdogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu tangu tukuzike. Nikatia vijiko vyangu, na yeye akanitazama nikinywa, akanitazama kwa muda mrefu, kama wewe ulivyokuwa ukitazama kioo. Kisha akaenda kuvaa kitenge chake cha kanisani. Akasema twende kwa mtendaji kabla jua halijawa kali.

Alisimama, alikataa kiti. Mtendaji akamuuliza kwa upole anachokuja kusema. Akasema: "Mwanangu Kobelo amekufa. Nilimzika mimi." Akaweka dole gumba. Sauti haikutikisika hata kidogo, na mimi ndiye niliyegeukia dirishani.

Ni kwenye njia ya kurudi, pale kwenye mfereji wa maji unapokata njia, ndipo alipoketi juu ya jiwe akalia. Alikulilia, Mjomba. Alikulilia kwa Kiluguru, akakuita kwa majina ya utotoni ambayo sikuwahi kuyajua, na watu waliopita na mizigo yao ya kabichi walitua wakainamisha vichwa, wakidhani ni msiba wa leo. Ulikuwa wa leo. Nami nikakaa pembeni yake nikalia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa mpwa wako tu, na mjomba wangu hayupo.

Cheti kilitoka. Wenzetu wa zamu wakaandika, kila mmoja kwa maneno yake, na wote wamekutaja. Viza imekuja. Mahali pa elimu kwenye maombi yangu paliandikwa kazi, na mahali pa kazi umeandikwa wewe. Sijui kama kuna msomi ambaye mwalimu wake alitajwa vizuri hivyo.

Jina lako nimelirudisha. Tulikaa tena mkekani, nikavua koti la mvua, Bibi akalikunja mwenyewe akaliweka kwenye sanduku lake. Wazee walitaka kulipeleka jina kwa mwingine siku hiyohiyo. Bibi akasema hapana, likae kwanza. Anasema anataka kukukosa kidogo. Mama amerudi kuniita Kalisti, ila juzi alijisahau akaniamkia, tukacheka wote watatu.

Kesho nashuka. Nakuahidi mambo mawili. Kwanza, huko niendako nitamwambia kila atakayeniuliza nilisoma wapi kwamba nilisoma kwa Kobelo wa Mgeta, na nikichoka zamuni nikaona imeiva, nitaangalia tena. Pili, jina lako likipata mwenyewe, nikirudi likizo nitamwamkia kama inavyostahili, hata akiwa mtoto wa kunyonya, na akikua nikamkuta ana mikono ya kazi, kioo nitamkabidhi mimi.

Nimekuandikia nikiwa hapa kwenye kaburi lako, limefagiliwa, Bibi huja kila asubuhi siku hizi. Amenipa chupa ya chai nije nayo, na kopo la sukari kando. Kopo sijalifungua. Chai ya leo nimeinywa kama yako, Mjomba, na leo hakuna aliyenilazimisha.

Pumzika kwa amani.

Ni mimi, mpwa wako,
Kalisti