Chuo cha Mbali na Dawa ya Macho

Jumatatu, 5 Agosti

Wewe Meneja huna adabu! Umemaliza shule juzi tu, na leo unanipangia viti kwangu?

Mjukuu wangu huyu, jina la Meneja nimempa mwenyewe. Nimetoka kuanika nguo nakuta sebule imegeuzwa yote. Kochi limetazama ukuta, meza imesogea mlangoni. Eti, Bibi, toka uingie tena, nijaribu kukupokea. Nikatoka. Nikaingia. "Karibu sana mgeni wetu rasmi, kiti chako ni kile pale mbele." Mgeni! Kwenye nyumba niliyoisiliba kuta kwa mikono hii! Nikamwambia mgeni ni mama yako, anayekuja mara moja kwa mwaka na pakiti ya biskuti.

Akacheka, akanikalisha.

Anataka kusomea kusimamia shughuli. Harusi, mikutano, matamasha, maonyesho. Nikasema shughuli zilikuwepo kabla hujazaliwa na watu walikula wakashiba. Akajibu, ndiyo Bibi, na wewe uligombana na kila aliyeingia jikoni. Mdomo huo kautoa wapi? Sina haja ya kuuliza.

Vyuo viwili vimemkubali. Cha karibu, atakwenda na kurudi kila siku. Cha mbali, atalala hukohuko mpaka likizo. Atathibitisha kimoja kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo kuisha. Nimesema vyote tutavitazama pamoja. Hakuna wa kumuuzia mtoto wangu maneno matupu.

Jioni kanitia dawa ya macho, kama kila jioni. Presha ya macho. Daktari alisema haiumi, inaiba tu uoni, kidogo kidogo, ukiruka dawa usinilaumu. Mkono wa mtoto huyu mwepesi. Hata sijui tone linaingia lini.

Jumatano, 7 Agosti

Chuo cha karibu. Ghorofa, vioo, maua mlangoni. Mwalimu kavaa tai, anatabasamu kama muuza magodoro.

Meneja kauliza wanafunzi wanaandaa lini shughuli ya kweli. Mwalimu akasema mwaka wa kwanza nadharia, wa pili nadharia tena, wa tatu watatafutiwa mahali pa kufanyia mazoezi, ikipatikana nafasi. Ikipatikana! Na ukumbi? Akatufungulia chumba kimejaa madawati yaliyovunjika miguu. Utakarabatiwa, mama, yupo kwenye mipango. Nikamuuliza nani yupo, fundi? Meneja akanifinya.

Njiani nikasema haya, umekionaje? Akasema kizuri, Bibi. Kiko karibu.

Sikumuuliza karibu na nini.

Ijumaa, 9 Agosti

Chuo cha mbali. Tumeondoka alfajiri. Kwa nje hakina sura, ni kama ghala la mahindi. Ndani — balaa! Ngazi, nyaya, watoto wanakimbizana, kuna onyesho la mavazi kesho. Mwalimu wao ni mwanamke, suruali ina mifuko mpaka magotini. Hata salamu hazijaisha, kamvisha Meneja spika za masikioni zenye maiki. "Simama kule nyuma, sema unachokiona."

Binti mmoja akaniomba, shikamoo Bibi, samahani, kaa jukwaani kidogo tupime taa ya mgeni rasmi. Tena mgeni! Nikakaa.

Taa ikawaka. Ukiwa ndani ya taa ile humwoni mtu. Weupe tu, na baada ya weupe giza. Watu wote wale, nisione hata uso mmoja. Nimekumbatia pochi yangu. Nikajisemea, basi ndivyo itakavyokuwa.

Halafu sauti ikatoka gizani: "Taa ya kushoto, shusha! Inamchoma macho. Shusha, nimesema!"

Sauti kavu. Haiombi. Wakashusha mara moja.

Nilijua ni Meneja, lakini sikuwahi kuisikia. Nyumbani hunong'ona. Kumbe nyumbani sauti yote nimeichukua mimi.

Wakati wa kurudi hakufumba mdomo. Taa hivi, nyaya vile, mwalimu kamwambia una jicho. Ghafla akaniangalia. "Bibi, tumepitisha muda wa dawa." Mpaka nyumbani alikuwa akiangalia saa tu.

Jumapili, 11 Agosti

Mama yake kapiga simu. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sahani. Sikuwa nasikiliza. Nilisikia tu.

Meneja akasema nadhani cha karibu, mama. Nani atamtia dawa? Mwenyewe hawezi, mkono unatetemeka. Halafu akashusha sauti: "Na hana mtu."

Hana mtu! Nimezika mume, nimelea watoto wa watu, nimepikia misiba ya mtaa mzima, sina mtu? Nikaanza kuwapitia kichwani. Huyu kafa. Yule kahamia kwa mwanawe. Huyu tulikosana. Na yule. Na yule pia. Nikabaki na Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayeongea mpaka akiwa peke yake. Hatusemezani tangu aliporudisha sufuria yangu imetoboka akasema aliiazima na tobo lake.

Basi nitajitia mwenyewe.

Lakini akienda, nitamgombeza nani? Friji?

Jumatatu, 12 Agosti

Meneja katoka, nikakaa mbele ya kioo na chupa. Tone la kwanza kwenye nyusi. La pili sikioni. Sikioni! Kope linajifunga kama duka lililomwona mtoza kodi. Nimelitukana. Limezidi kufunga.

Jumanne, 13 Agosti

Nimejaribu tena, asubuhi na mchana. Shavu limekunywa dawa kuliko jicho.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeharibu.

Jioni Meneja katikisa chupa — tupu. Ilikuwa ya kutufikisha mwisho wa mwezi. Akaniangalia. "Bibi, uliitumia mchana?" Nikakunja kanga. "Ulisahau kwamba nakutia jioni?" Nikaikunjua. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono, akauliza polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyeanguka: "Bibi yangu, leo ni siku gani?"

Anafikiri akili inaniacha! Mimi ninayekumbuka mpaka rangi ya nguo aliyovaa fundi aliyetuzibia paa!

Ningesema neno moja tu. Nilikuwa najifunza. Lingetosha. Kiburi hakikuniruhusu. Niliona afadhali aseme nimesahau kuliko aseme nimeshindwa. Nikamjibu Jumatano, kwa ukali, akaitikia kwa kichwa kama nimefaulu mtihani.

Akasimama. "Basi imekwisha. Cha karibu. Keshokutwa nathibitisha." Hakukasirika. Angekasirika ningelala vizuri. Alikunja tu ile karatasi yenye picha za ghala, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, akaenda duka la dawa kununua chupa nyingine.

Nikabaki na friji. Linaunguruma, linanyamaza. Hata lenyewe linapumzika.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimevaa gauni la kwendea hospitali, lile zuri. Nikabisha kwa Redio.

"Nani? Ala! Wewe! Mimi nilidhani ulihama."

Nikamwambia sikuja kuomba radhi ya sufuria. Akasema wala mimi sikujiandaa kukupa. Pita ndani. Basi nikapita.

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Miaka hii yote hunisalimii, ukirudi unataka nikushike kope? Nikanyanyuka niondoke. Akanivuta gauni. "Kaa chini, mwanamke mwenzangu, una hasira kama bibi harusi." Nikakaa.

Kumbe marehemu mumewe alikuwa na dawa hiyohiyo. "Nani kakwambia ukae mbele ya kioo, unataka kupaka wanja? Lala. Funga jicho. Dondosha kwenye kona, karibu na pua. Halafu fumbua. Itaingia yenyewe kama mgeni aliyenusa chakula."

Tumejaribu kwa maji. Maji! Sikufikiria maji! Nikamuuliza kwa nini sikufikiria. Akasema kwa sababu kila kitu unafanya peke yako.

Macho yalikuwa yameloa, ni yale maji.

Amesema atapita kila jioni kuhakikisha, nimpe chai. Ya leo kaichemsha yeye. Sufuria yake nzima, nimeichungulia mpaka chini.

Ijumaa, 16 Agosti

Sebule nimeipanga mwenyewe. Kochi limetazama dirisha, nitalala hapo. Kiti kimoja mbele. Chupa mpya mezani. Redio yuko jikoni, nimemkataza kufungua mdomo mpaka nimwite, anateseka.

Meneja kaenda kununua mkate. Akirudi anathibitisha kwa simu, kasema hivyo asubuhi, cha karibu, bila kunitazama.

Kwa maji niliweza. Kwa dawa bado. Naandika ya kusema, maana yeye mwenyewe husema hakuna shughuli bila kuandika kwanza. Na nisije nikalia katikati.

Geti limelia.

Meneja, weka mkate. Usiniulize leo ni siku gani, ni Ijumaa. Dawa niliimwaga nikijifunza, nikaona haya kukuambia. Kaa kwenye kiti kile, leo mgeni rasmi ni wewe. Mikono mapajani. Tone likienda shavuni, usinyanyuke. Likienda sikioni, usinyanyuke. Simu iweke kwenye ukurasa wa chuo cha mbali. Na nikifumbua jicho, nikute umeshabonyeza.