Kurasa Alizoziruka Husna

Kibuyuni, karibu na Shimoni,
Kwale.
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa kaka Kibwana,

Shikamoo. Assalaam alaykum warahmatullah. Idi tumeisali salama, na dua yako tuliisoma pamoja na zetu. Goti lako laendeleaje? Nasikia joto la Maskati mwezi huu halina huruma. Wifi Mwanapili na watoto hawajambo?

Sisi huku miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Mvua zimetuharibia mwani, mwingi umepauka kambani, lakini tumeanza kufunga mbegu mpya. Fauzia, binti yangu, amepata kazi ya kushona Ukunda. Shemeji yako Nassir ni yule yule, maneno machache, chai nyingi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Abdulwahab, anayerudi huko kazini. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yangu ikilia Yusra ndiye wa kwanza kuifikia. Na wewe, kaka, niwie radhi, hunipi nafasi ya kumaliza neno. Safari hii utanisoma mpaka mwisho.

Yusra amejua kwamba mamake amekufa.

Usikasirike kwanza. Tulipomzika mdogo wetu Husna pale Msambweni mwezi wa Aprili, ulisema mtoto aambiwe mama yuko hospitali Mombasa, na ukweli aujue Desemba utakapokuja mwenyewe. Nilikubali. Miaka yake minane ni michache, nami sikuwa na moyo wa kumwambia. Majirani wa hapa Kibuyuni hawakumjua sana Husna, niliwaomba wafunge vinywa, wakavifunga. Nawe kila Ijumaa ukamwambia kwenye simu, "Mama anakusalimu."

Husna alipozidiwa, mtoto alikuja kwangu na kapu la nguo na kapu la vitabu. La nguo lilikuwa jepesi. Unajua Husna alivyomlea na vitabu. Kila baada ya alasiri alitandika mkeka, akamwambia achague kitabu, wakasoma. Maswali ya shule hakumwuliza. Alimwuliza, "Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?" kisha akanyamaza kweli kweli, akangoja jibu, hata maji yakichemka jikoni. Nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia anamdekeza mtoto kwa karatasi.

Nami nikajaribu kuendeleza, ili Yusra asione pengo. Siku ya kwanza nilisoma kurasa tatu, nikajiona hodari. Akaniambia, "Mama mkubwa, unasoma kama wale wa matangazo ya vifo redioni." Fauzia aliangusha kijiko. Nikainuka nikasingizia kuanua nguo, nikalia nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo akawa anajisomea peke yake chumbani, mlango ameurudisha. Nilishukuru. Nilidhani ameshika tabia njema.

Wiki mbili kabla ya Idi nilitoka pwani kufunga mwani, nikaingia kwa mlango wa uani, ndoo kichwani. Nikamsikia Husna anasoma.

Kaka, sikutanii. Ilikuwa sauti yake, ule uzito wa mwisho wa neno, na pale anapovuta pumzi. Kisha akakohoa, kile kikohozi chake kikavu cha miezi ya mwisho. Ndoo ilinitoka. Maji ya bahari yalienea sakafuni, nami nimesimama ndani yake, nasoma Ayatul Kursiy na kuikosea.

Nilipousukuma mlango nilimkuta Yusra peke yake mkekani. Alikuwa akisoma kama mamake, pumzi kwa pumzi, kikohozi kwa kikohozi. Hakushtuka aliponiona. Kitabu kilikuwa kile cha binti mfinyanzi, na pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama ndogo za penseli.

"Hizi ni nini, mwanangu?"

"Nimetia alama pale Mama alipokuwa akikohoa," akasema. "Akikohoa hugeuza kurasa mbili kwa mara moja. Nilikuwa sijui kusoma vizuri. Sasa najua."

Akanisomea. Katika kitabu, mamake yule binti anaugua na kufa, na binti anabaki na chungu cha mwisho cha mama ambacho hakijachomwa. Husna alikuwa akiziruka kurasa hizo. Yeye alimwambia mtoto kwamba mama wa yule binti amekwenda kwa nduguze kutafuta udongo mzuri, na hadithi ikaendelea bila yeye. Yusra alikuwa amepitia vitabu vyote vya kapuni. Alikuta vikohozi saba, na katika kila kimoja kuna mtu amekufa.

Halafu akaniangalia usoni.

"Mama wa huyu alikwenda kwa nduguze. Mama wangu amekwenda Mombasa. Mama mkubwa, mimi mmeniruka ukurasa gani?"

Nilikuwa nimeufungua mdomo kudanganya. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini ningemdanganyaje mtoto aliyefundishwa kungoja jibu? Alikuwa amenyamaza kama mamake alivyokuwa akinyamaza, anangoja. Nikamwambia. Siku, saa, mahali. Hakulia. Alifunika kitabu, akaenda kufuta maji ukumbini.

Siku tatu hakusema nami ila "naam" na "la". Nawe Ijumaa ulipomletea salamu za mama, alikujibu "naam" tu. Vitabu akavirudisha kapuni, akalitupia kanga juu, kama mtu anavyofunika maiti. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Nilijua tumempoteza mama, sasa naona hata kile mama alichomwachia tumekiua sisi.

Na kuna jambo jingine, ambalo Nassir peke yake analijua. Ile sauti nimeisikia mara mbili tena, saa zile zile baada ya alasiri, na Yusra hayupo, yuko madrasa. Inasoma chumbani, polepole. Nikifungua mlango pana mkeka na kapu. Usinitafutie mganga. Nakueleza kwa sababu yeye ni mdogo wetu sote wawili, na sitaki niisikie peke yangu.

Siku ya nne Yusra alisema anataka kwenda kwa mamake. Tulingoja Idi ipite, tukampeleka Jumapili iliyopita. Mimi nilibaki nje ya ua wa makaburi, akaingia na Nassir. Nassir akasoma Fatiha, akaomba dua, mtoto akaitikia amina. Kisha akatoa kitabu ndani ya buibui. Nassir anasema alidhani ni juzuu. Yusra akachutama, akamsomea mamake zile kurasa mbili, kwa sauti yake mwenyewe, ya kitoto, mpaka mwisho, binti anapokichoma kile chungu. Alipomaliza akauliza, "Mama, wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?" Akangoja. Nassir anasema hajapata kusimama muda mrefu vile. Hakumkataza, nami sikumlaumu.

Sasa amerudia kusoma. Amenipangia zamu, ukurasa wake, ukurasa wangu, na nikipita neno bila kulielewa ananirudisha. Nilidhani kumsomea mtoto ni kumfurahisha tu. Kumbe alikuwa akitafuta mtu wa kukaa naye pale panapouma. Husna hakuweza, kwa kuwa katika kila ukurasa wa aina ile alijiona mwenyewe. Simlaumu hata kidogo. Sauti bado ipo. Sijui itanyamaza lini.

Limebaki moja, kaka, na ndilo lililonikalisha kuandika. Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, Yusra aliniuliza, "Mama aliniita?"

Nikamwambia aliita. Mara tatu, siku ya mwisho, alisema nileteeni mwanangu.

"Mbona hamkunileta?"

Unakumbuka nilikupigia asubuhi ile. Unakumbuka ulivyosema, mtoto asione. Gari lilikuwepo, Nassir alishakamata ufunguo, nami nikamwambia auweke.

Nilimjibu, "Tulikataa sisi." Akauliza sisi ni nani. Nikasema ni mimi, na mtu mwingine ambaye atamwambia mwenyewe. Ijumaa utakapopiga, yeye ndiye atakayepokea. Jina lako sikulitaja. Kulitaja ni juu yako.

Nisalimie wifi Mwanapili na uwabusu watoto. Fauzia anakuamkia, Nassir anakupa mkono wa Idi. Mola akuhifadhi ugenini, akutulizie goti, na akupe ulimi wa kweli na moyo wa kuubeba.

Nduguyo akupendaye, hata katika hili,
Twaiba